Mwenye Mvinyo Huonja Kwanza: Na Baba Kutoka Scarborough Hadi Bordeaux

Mlioketi sebuleni kwangu Jumamosi ile mliniona nikilia kwa sababu ya glasi moja ya mvinyo, na tangu hapo sina amani. Kanisani mnaniuliza, kwenye simu mnaniuliza, na Mama Joyce wa ghorofa ya chini alinishika mkono mpaka lifti ikaenda bila mimi. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nitaanza mwanzo kabisa, ila habari za viza, tiketi na namna tulivyopata nafasi ya kutembelea shamba la watu nitaziruka. Hazina utamu wowote, na nyie wote mmeshapitia foleni za kutosha.

Scarborough: chai iliyopoa

Baba yangu, Mzee Chilongani, mnamjua kwa ile kofia yake ya sufu asiyoivua hata kiangazi. Kwake ni Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma, na maisha yake yote amelima zabibu. Mama alipofariki nilimleta hapa kwangu Scarborough, Toronto, Kanada. Nilikuwa na mpango wangu, na niliuona mzuri sana. Jiji la Dodoma linasogea kila mwaka, na mtu mmoja alikuwa anataka shamba letu alikate viwanja. Nikasema basi, liuzwe, baba akae hapa kwangu na mjukuu wake Rehema, nisiwe kila simu ya alfajiri ikiita moyo unanitoka.

Kasoro ilikuwa moja. Baba alikaa kwangu kama mgeni.

Sikuelewa upesi. Nilikuwa namwachia chai mezani ninapokwenda kazini Markham, nikirudi jioni naikuta imepoa, haijaguswa, na yeye amekunywa maji ya bombani. Nikabadilisha majani ya chai. Nikabadilisha maziwa. Nikatafuta tangawizi mbichi kwa Wahindi wa pale plaza. Wapi! Mwishowe Rehema, ambaye anasikia Kiswahili chote ila kukijibu ni kwa Kiingereza, akaniambia bila hata kuinua macho kwenye simu yake kwamba Babu ananisubiri mimi ninywe kwanza.

Nikakaa chini. Kweli kabisa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya wageni, wote waone haina neno, ndipo naye mgeni apokee. Mama alifanya hivyo kila alipopika pombe ya mtama: anateka, anakunywa funda moja akiwa amesimama, halafu kibuyu kinaanza kuzunguka. Baba alikuwa ameipanua sheria hiyo mpaka kwenye chai na juisi. Nyumbani kwake alijimiminia apendavyo. Kwangu, miezi yote ile, hakuwahi kufungua hata friji.

Siku moja nikaenda naye kwenye duka la vileo la serikali ya jimbo. Mle ndani kuna kabati la kioo lenye kufuli, na ndani yake chupa zimelazwa. Baba akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Hizi zimefanya kosa gani?" akauliza.

Muuzaji akaeleza kwamba hiyo ya katikati inatoka kwenye shamba moja la Bordeaux, Ufaransa, lenye jina kubwa kuliko waziri. Watu huinunua na kuiweka bila kuinywa mpaka watoto wao waoe. Nikamtafsiria. Nikaangalia na bei, nikageuka kutazama kama kuna aliyeniona nikiiangalia.

Kwenye basi la kurudi baba alitazama dirishani vituo vingi. Halafu akasema, "Ester, usimjibu yule mnunuzi. Nataka kwanza niwaone hao wanaofungia zabibu kwa kufuli. Nikishawaona, nitakwambia kama nauza au siuzi."

Nikakubali haraka haraka. Niliamini mzee akiliona shamba la kitajiri namna ile, lake litamtoka moyoni lenyewe.

Uwanja wa ndege: ndege kupigwa dawa

Tuliondoka Novemba, siku ilipoanguka theluji ya kwanza. Sanduku la baba lilikuwa zito kwa sababu ndani yake, ndani ya soksi tatu, mlikuwa na chupa ya mvinyo uliosindikwa na kikundi cha wakulima wa kijijini kwetu kwa zabibu za shamba letu. Alikuja nayo kutoka Tanzania na hakuwahi kuifungua. Nilipomuuliza ni ya nini alisema mtu haendi kwa mtu mikono mitupu.

Ndege ikachelewa, ikachelewa tena. Hatimaye tukaingia, tukakaa, na ndege ikasimama palepale huku magari yenye mikono mirefu yakiimwagia maji ya kijani mabawani kuyeyusha barafu. Baba akabandika uso kwenye dirisha.

"Wanapiga dawa?"

"Ndiyo, baba, kama dawa."

"Kumbe na ndege inashikwa ukungu!" Akaanza kumweleza jirani yetu, bibi mmoja wa Kipunjabi, kwamba kwenye zabibu ukichelewa kupiga salfa baada ya mvua umekwisha. Bibi hakuelewa hata neno moja, akatikisa kichwa kwa huruma. Baba akafungua mfuko wake wa chapati na mayai ya kuchemsha, akakata chapati, akala kipande mbele ya bibi, kisha akampa iliyobaki. Bibi akamtazama vizuri. Akatoa chupa yake ya achari ya embe, akaonja kwanza kwa kidole, akamkaribisha. Wakala hivyo mpaka taa zikazimwa, na mimi nikaambulia yai moja.

Paris: treni imeshaenda

Kwa kuchelewa kule Toronto, treni ya Bordeaux tulifika tukaikuta jina lake limefutika kwenye ubao. Kifaransa changu ni "bonjour" na "merci", na yote mawili nilikuwa nimeshayatumia. Nikasimama katikati ya stesheni na masanduku, nikamgombeza baba kwa kosa la kutembea polepole, na hakuwa hata ametembea polepole.

Mwanaume mmoja aliyevaa koti refu akageuka. "Mama, munasema Kiswahili? Mimi niko wa Bukavu."

Jamani, ningemkumbatia! Jina lake Dieudonné, anaishi Bordeaux, alikuwa anarudi kwake. Akatupeleka dirishani, akazungumza, akacheka na yule dada wa tiketi, tukapewa viti kwenye treni ya baadaye.

"Musiogope, papa," akasema. "Hapa train inakimbia, lakini ingine inakuyaka."

Tukangoja pamoja tukila mikate mirefu yenye jibini iliyonuka vikali, ambayo baba alisifu mkate wake tu. Akamuuliza Dieudonné kama yeye anakunywa ule mvinyo wa kufuli.

"Aa, papa! Ile ni ya bakubwa. Nimekaa pale karibu miaka mingi, sijapata hata kunusa. Siye tunakunywaka ya mu boîte, ya kartoni."

Baba alishangaa kweli. Kwamba mtu aishi jirani na pombe na asiwahi kukaribishwa! Aliniambia kwenye treni kwamba hao watu wa shamba, kwa dalili zote, ni wachoyo.

Shambani: mzee na binti wanaangaliana

Kutoka Bordeaux teksi ilifuata mto, na baada ya muda ikawa ni mizabibu kulia na kushoto, majani yake yamekuwa mekundu na ya manjano, mengine yameshaanguka. Baba alikuwa anasema peke yake. Mbona mifupi. Mbona imebanana. Halafu tuliposhuka akainama akachota udongo, mkononi mwake mkabaki kokoto tupu.

"Changarawe! Hapa hata muhogo hauoti."

Binti wa kutupokea aliitwa Camille, mpole, Kiingereza chake kizuri. Akaeleza kwamba ubora wenyewe ndio huo. Kokoto hazituamishi maji na hutunza joto la mchana, na mzabibu ukikosa raha juu hushusha mizizi mbali chini. Baba akasema huo ni ukatili, lakini alitia kokoto moja mfukoni.

Nyumba yao ni ya mawe meupe, wao wanaiita kasri. Ukiingia ghalani mapipa ya mwaloni yamepangwa mistari mirefu, kimya kama kanisani kabla ya kengele, na harufu ya mvinyo mpya unaochemka inakufikia kifuani. Camille akatuambia kwamba wanatoa mvinyo wa aina mbili. Ule mkubwa wenye jina, ule wa kufuli, hutoka kwenye mizabibu mizee na vipande bora vya shamba. Zabibu za mizabibu michanga, na mapipa ambayo hayakupita mtihani, huenda kwenye mvinyo wa pili, ambao una jina lake na bei ya kibinadamu kidogo.

"Na michanga ikikua?" baba akauliza.

"Inapanda daraja. Lakini aliyeipanda mara nyingi ameshastaafu."

Baba akaligusa pipa la karibu kwa kiganja.

Sasa tukafika kwenye meza ya kuonja. Mle mlikuwa na wageni wengine wawili, mume na mke. Camille akamimina mvinyo mkubwa, glasi tatu, nne, kidogo kidogo, akaweka mikono nyuma akatabasamu. Baba naye akaweka mikono nyuma. Wakaangaliana.

"Baba, kunywa," nikamnong'oneza.

"Hajanywa."

"Yuko kazini, haruhusiwi."

"Mimi sijamwambia aache kazi. Aonje tu."

Camille akadhani mzee anachunguza rangi, akasogeza taa. Baba hakutikisika. Camille akadhani glasi ina kasoro, akaleta nyingine, akamimina tena. Sasa mbele ya baba palikuwa na glasi mbili za mvinyo ambao watu hufungia kwa kufuli, na mzee anazitazama kama barua ya mahakama. Na wakati huohuo yule mume akasukutua wake mdomoni, akainama, akautema kwenye ndoo.

"Ester!" baba akasema kwa sauti. "Ametema pombe ya mtu mbele ya mwenye pombe!"

Ghala zima likageuka. Nilitamani kujificha nyuma ya mapipa.

Akaja mama mmoja wa makamo, mikono imepakaa rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha. Huyo ndiye Hélène, mkuu wa ghala, mwenye kuupika mvinyo wenyewe. Akauliza kwa Kiingereza cha shida kidogo kuna nini. Nikaeleza, uso unaniwaka, kwamba baba ni mkulima wa zabibu kutoka Tanzania, kwamba kwetu mgeni hatangulii, na kwamba kutema nako amekuona kama tusi.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema babu yake mezani alijimiminia yeye kwanza kila siku, ili vipande vya kizibo viingie kwenye glasi yake na si ya mgeni, na mvinyo ukiwa umeharibika aaibike yeye kabla mgeni hajaugusa. Siku hizi, akasema, wanaomimina na wanaokunywa hawajuani. Akachukua moja ya zile glasi mbili, akamtazama baba machoni, akanywa, akameza.

Baba akavua kofia. Nawaambia alivua kofia! Akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa.

"Unakausha ulimi kwanza," akasema. "Halafu unaondoka. Halafu unarudi, umebadilika. Una hasira bado, lakini hasira ya mtu mwenye akili."

Nikamtafsiria Hélène, naye akasema hivyo ndivyo ulivyo, haujaiva, ungoje. Nami nikanywa wangu. Mnaniuliza ukoje. Sijui niwaambie nini, mimi ni mtu wa soda. Ila nilipoumeza nilimkumbuka mama akiwa amesimama na kibuyu, na sijui kwa nini.

Kwenye mstari wenye nafasi

Baba akasema sasa ni zamu yake. Akafungua sanduku palepale sakafuni, akatoa soksi, akatoa chupa. Hélène akasema si humu ndani, akatupeleka nje mizabibuni, Camille akifuata na glasi. Baba akamimina, akaonja wa kwanza akiwa amesimama, kisha akampa Hélène. Mama wa watu akanusa, akanywa, akameza. Ndoo haikuulizwa.

"Umepata joto safarini, umechoka," akasema. "Na una jua jingi. Lakini zabibu zilikuwa nzima. Mizabibu hiyo ina umri gani?"

"Tulipanda mwaka tuliooana, mimi na mama yake huyu," baba akajibu. Sauti yake ikashuka. "Mingi imekufa. Kila mstari una nafasi. Ndiyo maana kuna mtu anataka kulinunua shamba."

Hélène akatazama kushoto na kulia, akatuonyesha mstari uliokuwa mbele yetu. Kati ya mizabibu mizee yenye magome kama viganja vya seremala palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo mche mdogo kama kidole umefungwa kwenye kijiti. Mbele kidogo mwingine. Kumbe mstari mzima ulikuwa na mapengo, tena yamezibwa kwa miaka tofauti, mrefu, mfupi, mrefu.

"Mbona hamkung'oa mstari wote mpande upya?" baba akauliza.

Hélène hakuelewa swali. Nikalirudia.

"Kwa nini tung'oe?" akasema. "Mingine ipo."

Baba akachuchumaa karibu na ule mche. Karibu na udongo ulikuwa na fundo lililofunikwa nta nyekundu. Akauliza hiyo ni nini. Hélène akaeleza kwamba hapo tawi limeunganishwa na shina jingine. Zamani za mababu zao mdudu alikula mizizi ya mizabibu karibu Ufaransa nzima, na dawa haikupatikana mpaka walipoleta mizizi ya Amerika, ambayo mdudu huyo haiwezi. Tangu hapo tawi ni la kwao, mizizi ni ya ng'ambo.

"Hata huu mkubwa? Wa kufuli?"

"Hata huo."

"Na mvinyo unakuwa wa nani?"

"Wetu," akasema Hélène. "Wa nani mwingine?"

Baba akaishika ile nta kwa kidole gumba kitambo kirefu. Halafu akanitazama mimi, si mche, akanitazama koti langu la Kanada na viatu vyangu vya theluji. Akaomba mkono ainuliwe, magoti yamekakamaa.

Treni ya kurudi: jibu la baba

Kwenye treni aliomba simu, akampigia binamu yangu Mazoya anayeangalia shamba. Baba anaamini simu ya mbali inahitaji kelele, kwa hiyo behewa zima lilipata habari.

"Mazoya! Mwambie yule bwana shamba haliuzwi! Eeh! Na utafute miche, using'oe kitu, ziba nafasi tu! Mimi nakuja kuvuna!"

Akanirudishia simu, akaegemea kiti, akalala usingizi wa mtoto.

Mimi niligeukia dirisha. Lilikuwa limeanza giza na hapakuwa na cha kuona ila uso wangu. Nilimpeleka mzee mpaka Ufaransa ili aliache shamba lake, na shamba ndilo limeshinda. Niliona kabisa atakavyoondoka, nyumba ile ya Mpunguzi, kitanda kimoja, simu ya alfajiri. Nililia polepole nisimwamshe. Alipoamka nilimwambia ni mafua, naye akasema hewa ya treni ni mbaya.

Njia nzima ya kurudi sikumuuliza zaidi. Niliogopa jibu.

Scarborough tena: glasi ya kwanza

Jumamosi mkaja. Pilau mliiona, kuku mlimwona, mlenda wa baba mkaukimbia kama kawaida yenu. Na mezani palikuwa na chupa tuliyokuja nayo, si ya kufuli, yule mdogo wake, mvinyo wa pili, wa mizabibu michanga.

Nikachukua kifungulio, maana nyumba ni yangu. Nilishajiandaa nijimiminie nionje, baba apate kunywa. Mara akainuka. Akaenda jikoni, akafungua kabati mwenyewe, akatafuta, akafungua na la pili, nikasikia glasi zinagongana. Rehema akanitazama, nami nikamtazama. Akarudi na glasi moja, akaninyang'anya chupa kwa upole, akajimiminia kidogo, akasimama pale mbele yenu wote, akanywa.

Nyie mkapiga makofi mkasema mzee ana kiu. Mama Joyce akasema wazee wa Dodoma hawangoji wageni. Mimi ndipo machozi yakanitoka, na pilau nikaiacha motoni mpaka ikashika chini. Hamkuwa na namna ya kujua mnachokitazama. Mgeni hatangulii. Anayetangulia ni mwenye nyumba.

Akawamiminia mmoja mmoja. "Karibuni kwetu," akasema. Kisha akawaeleza habari zake kama mtu aliyezipanga zamani: kwamba zabibu kule Dodoma huiva wakati hapa Toronto kuna theluji, kwamba atakwenda kuvuna na kumkagua Mazoya na miche yake, na theluji ikiisha atarudi nyumbani. Aliposema nyumbani alionyesha kwa kidevu kochi langu, lile lililochanika.

Hayo mliyaona. Ya Jumatatu hamkuyaona, na ndiyo niliyotaka kuwaambia.

Asubuhi niliamka nimechelewa, nikakimbilia jikoni niweke maji. Sufuria lilikuwa tayari limeshachemka. Baba alikuwa amekaa mezani na kofia yake, na mbele yake vikombe viwili, chake kimefika nusu, cha pili kimejaa, kinatoa mvuke.

"Nimeshaonja," akasema. "Kunywa, basi litakuacha."